Fataki za Reli Katika Milima ya Ais Gill

Kaskazini ya Uingereza, kati ya mji mdogo wa Settle na mji wa Carlisle ulio karibu na mpaka wa Scotland, ipo njia ya reli yenye urefu wa maili 72 hivi. Wageni wengi huisafiria kwa ajili ya uzuri wa nchi, wala hawakosei, maana ni nchi ya milima mipana isiyo na miti, mabonde ya kijani, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na kondoo wengi kuliko watu. Lakini watu wa reli huikumbuka njia hii kwa jambo jingine. Karibu na kilele chake, mahali paitwapo Ais Gill, watu 16 walipoteza maisha kwa ajali ya mwaka 1913, na mtu mmoja akafa mahali hapo hapo mwaka 1995. Katika mara zote mbili swali lililoulizwa baadaye lilikuwa moja: je, fataki zilikuwa zimewekwa juu ya reli?

Fataki hizo si zile za watoto wakati wa sikukuu, ijapokuwa ni za ukoo mmoja. Fataki ya reli ni kikopo cha bati, cha mviringo na bapa, chenye upana wa inchi mbili hivi, mfano wa kopo dogo la dawa ya viatu. Ndani yake mna baruti. Ubavuni kimefungwa vipande viwili vya madini laini ya risasi, ambavyo mtu huvikunja kwa vidole chini ya kichwa cha reli ili kikopo kisipeperushwe na upepo. Gurudumu la injini likipita juu yake hukiponda, nacho hulipuka kwa mshindo kama wa bunduki. Hakivunji reli, wala hakidhuru gurudumu. Kazi yake ni kupiga kelele tu. Dereva aliyezungukwa na ngurumo ya injini yake mwenyewe, ambaye haoni mbele kwa sababu ya giza au ukungu, huusikia mshindo ule chini ya miguu yake, naye hana haja ya kuuliza. Hufunga breki.

Aliyebuni kitu hiki alikuwa Mwingereza, Edward Alfred Cowper, aliyezaliwa mwaka 1819 na kufa mwaka 1893. Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi alipolifikiria jambo hilo, karibu na mwaka 1840, wakati reli zenyewe zilikuwa bado changa. Baadaye alipata sifa kwa kazi kubwa zaidi. Alitengeneza matanuri ya kupasha moto hewa inayopulizwa katika viwanda vya chuma, akachora pia ramani ya paa kubwa la stesheni ya New Street katika mji wa Birmingham. Paa lile halipo tena. Kile kikopo cha bati bado kipo, na reli nyingi za dunia zilikipokea.

Katika nchi ya ukungu kama Uingereza, fataki ilipata watumishi wake maalumu. Ukungu uliposhuka hata mwangalizi wa ishara asiweze kuona alama fulani iliyo umbali wa yadi 200 kutoka kibanda chake, watu wa gengi waliamshwa vitandani mwao. Kila mmoja alitumwa kwenye mlingoti wake. Huko alikuwa na kijibanda cha mbao kisichotosha watu wawili, jiko la makaa ya mawe, taa, na fataki zake. Mkono wa ishara ulipoonyesha hatari, aliweka fataki juu ya reli. Ulipoonyesha njia wazi, aliiondoa. Hivyo hivyo usiku kucha, kuweka na kuondoa, huku masikio yake yakisikiliza kama treni inakuja, maana macho hayakumfaa kitu. Wengine waligongwa wakiwa katika kazi hiyo. Moshi wa majiko ya nyumbani na wa viwanda ndio uliouzidisha ukungu ule katika miji mikubwa; wa London wa mwezi wa Desemba 1952 uliua maelfu ya watu kwa maradhi ya kifua, na sheria ya kusafisha hewa ikapitishwa mwaka 1956. Tangu vyombo vya kumwonya dereva ndani ya injini yake vilipoenea, kazi ya watu wa ukungu ilikoma kidogo kidogo.

Lakini matumizi ya pili ya fataki hayakuhitaji ukungu, nayo ndiyo yanayohusu njia ya Settle. Msomaji aliyesafiri kwa treni ya usiku kutoka Mombasa zamani za injini za moshi atamkumbuka gadi, yule mlinzi wa treni mwenye filimbi, bendera mbili na taa ya rangi. Watu walidhani kazi yake ni kupuliza filimbi na kutazama tikiti. Huko Uingereza kazi yake kubwa ilikuwa nyingine. Treni ikisimama njiani mahali isipopaswa kusimama, gadi alitakiwa kushuka na kurudi nyuma kwa miguu kando ya reli, akiwa na taa nyekundu mkononi. Kwa kanuni za mwanzoni mwa karne ya ishirini, alipofika robo maili aliweka fataki moja. Nusu maili, nyingine. Na alipotimiza robo tatu ya maili, aliweka tatu pamoja, kila moja ikiachana na mwenzake kwa yadi kumi. Zile tatu zilikuwa ni kwa hofu kwamba moja yaweza kukataa kulia. Treni ya haraka hula maili nzima kwa dakika moja, nayo haiwezi kusimama ghafla kama baiskeli. Yahitaji nafasi ndefu. Kwa hiyo nafasi ile ilipaswa kutengenezwa na miguu ya mtu.

Sasa na tuifuate njia yenyewe.

Shirika la reli lililoitwa Midland lilianza kuijenga mwaka 1869, kwa sababu lilichoka kuomba ruhusa ya kupita katika reli za washindani wake ili kufika Scotland. Magari ya mizigo yalianza kupita mwaka 1875, na ya abiria tarehe 1 Mei 1876. Shirika lilitaka njia ya treni za mbio. Kwa hiyo wahandisi hawakuruhusiwa kuzunguka-zunguka milima. Penye bonde walijenga daraja. Penye mlima walitoboa. Hata hivyo kutoka Settle reli yapanda futi moja kwa kila futi 100 kwa muda wa maili kama 15, na wachochea makaa wa zamani, waliokuwa wakipiga sepeto mfululizo bila kunyosha mgongo, waliupa mwinuko huo jina lenye maana ya Mburuto Mrefu.

Kilele cha njia kiko futi 1,169 juu ya bahari. Mtu wa Nairobi, ambaye hulala kila siku katika urefu wa zaidi ya futi 5,000, asicheke. Katika nchi zilizo karibu hivyo na ncha ya kaskazini ya dunia, futi elfu moja zatosha kumpeleka mtu katika dunia nyingine kabisa. Mvua huja kwa ubavu. Theluji hujaza makorongo ya reli hadi juu. Mwaka 1947 ilifunga njia kwa majuma mengi, na watu wenye sepeto walipofungua sehemu moja, upepo uliijaza tena usiku.

Baada ya Mburuto Mrefu kuanza, abiria huona mbele yake daraja la Ribblehead. Lina matao 24, urefu wa yadi 440, na kimo cha futi 104 kutoka chini. Liko peke yake katika uwanda wa maji na majani magumu, wala hakuna nyumba nyingi za kulipa ukubwa. Chini yake, katika miaka ya 1870, palikuwa na kambi za wajenzi, na vibanda vya mbao, na maduka, na shule ya watoto wao. Leo hapaonekani ila matuta ya udongo. Ndui iliingia kambini mwaka 1871. Katika makaburi ya kanisa dogo la Chapel-le-Dale, lililo karibu, wamezikwa watu wapatao 200 wa kambi hizo, wanaume, wanawake na watoto. Msomaji akiikumbuka Tsavo na Wahindi walioijenga reli ya Uganda, ataona kwamba Waingereza maskini nao waliilipa reli yao kwa sarafu ile ile.

Daraja likiisha, mlima Blea Moor huimeza treni. Tundu lililotobolewa chini yake lina urefu wa yadi 2,629, yaani maili moja na nusu. Zama za makaa ya mawe moshi ulikaa humo baada ya kila treni kupita, na watu wa gengi waliotengeneza reli ndani yake walifanya kazi kwa kupapasa. Upande wa pili iko stesheni ya Dent, iliyo juu kuliko stesheni zote za njia kuu za Uingereza, futi 1,150. Kijiji chenye jina hilo kiko chini bondeni, zaidi ya maili nne kutoka stesheni, jambo ambalo limewachekesha na kuwaliza abiria tangu siku ya kwanza. Juu ya stesheni zimesimama safu za mataruma ya zamani yaliyochomekwa ardhini wima, kama ngome iliyochakaa. Yaliwekwa kuzuia theluji isiteremke relini.

Kisha huja Garsdale, ambayo zamani iliitwa Hawes Junction. Ni mahali pa upepo. Wenyeji husimulia kwamba katika miaka ya mwanzo injini moja iliyowekwa juu ya sahani ya kugeuzia ilikamatwa na upepo ikazungushwa kama pia kwa saa nyingi, wala hapana mtu aliyeweza kuisimamisha. Baada ya hapo sahani ikazungushiwa ukuta wa mataruma. Huenda hadithi imeongezwa chumvi. Ukuta ulikuwapo kweli. Katika jukwaa la stesheni msafiri atakuta sanamu ya shaba ya mbwa. Serikali ilipotaka kuifunga njia hii katika miaka ya 1980, watu zaidi ya 22,000 waliandika kupinga, na mbwa huyo, aliyeitwa Ruswarp, alitia alama ya mguu wake kama abiria mlipa nauli. Njia ilinusurika mwaka 1989. Muda mfupi baadaye bwana wake alifia milimani katika nchi ya Wales, na mbwa akakaa na maiti kwa majuma kumi na moja ya baridi mpaka watu walipowakuta.

Kando ya reli kipo kibanda cha ishara cha mbao kilichofunguliwa mwaka 1910, na humo ndimo ilimoanzia ajali ya kwanza ya milima hii.

Shirika la Midland lilipenda injini ndogo. Treni nzito iliongezewa injini ya pili ya kuisaidia kupanda, na ilipofika kileleni, ile ya pili ilifunguliwa ikarudi kwao. Kwa hiyo Hawes Junction ilikuwa na injini nyingi zisizo na magari, zikingoja njia usiku kucha. Alfajiri ya tarehe 24 Desemba 1910, kukiwa na giza na mvua, injini mbili zilizounganishwa zilitumwa zisimame mbele kwenye ishara ya mwisho, zingoje kwenda Carlisle. Mwangalizi, mwenye shughuli nyingi, akazisahau. Baada ya kitambo akafungua ishara kwa treni ya haraka iliyotoka London kwenda Glasgow. Madereva wa zile injini mbili waliona njia imefunguliwa, wakadhani ni yao, wakaondoka polepole. Treni ya haraka iliwakuta mbele kidogo. Mabehewa yaliwaka moto kwa sababu taa zake zilikuwa za gesi. Watu 12 walikufa.

Hapa fataki isingefaa kitu, maana injini hazikuwa zimeharibika. Zilikuwa zikingoja tu. Lakini kanuni nyingine ilikuwapo, ya jamaa hiyo hiyo. Treni ikisimamishwa mbele ya ishara kwa muda, mmoja wa watu wake lazima ashuke, aende kwa miguu mpaka kibandani, amkumbushe mwangalizi kwamba wapo. Usiku ule hapana aliyekwenda. Ni rahisi kuelewa sababu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kibanda kilikuwa nyuma yao katika giza, na ndani ya injini palikuwa na moto mzuri. Kila mara walipongoja hivyo zamani, ishara ilifunguka. Mtu huzoea usalama, akauona kama desturi ya ulimwengu.

Kutoka Garsdale treni yapita tundu fupi na madaraja mengine, na baada ya maili tatu hivi yafika Ais Gill. Abiria asiyejua hawezi kutambua kilele ila kwa sauti: injini iliyokuwa ikilalamika hunyamaza, na magurudumu huanza kukimbia yenyewe. Upande mmoja umeinuka mlima Wild Boar Fell, mweusi na bapa kichwani kama meza. Upande wa pili bonde la Mallerstang lashuka kuelekea kaskazini, nao mto Eden waanzia humo. Nyumba ni chache, na usiku taa zake huhesabika.

Tarehe 2 Septemba 1913, kabla ya mapambazuko, treni mbili za abiria ziliondoka Carlisle kuja kusini, ya pili ikifuata ya kwanza kwa dakika 14. Ya kwanza ilikuwa nzito kupita kipimo cha injini yake kwa tani chache. Dereva aliomba injini ya kumsaidia, akanyimwa. Makaa aliyopewa, tena, yalikuwa mabovu, yamejaa vumbi. Alipanda bonde la Mallerstang huku mvuke ukipungua, na kabla ya kufika kileleni, kiasi cha nusu maili hivi, treni ilisimama. Watu wa injini wakaanza kuchokoa moto wao. Gadi aliambiwa kwamba hawatakawia, ni dakika chache tu.

Naye hakurudi nyuma.

Ni vema kufikiri kidogo juu ya mtu huyu badala ya kumhukumu upesi. Mbele yake walikuwa watu wa injini ambao walijua kazi yao, nao walisema treni itaondoka mara. Nyuma yake kulikuwa na usiku. Robo tatu ya maili, kwenda tu, ni mwendo wa zaidi ya dakika kumi kwa mtu atembeaye juu ya kokoto na mataruma. Akifika huko, treni ikipata mvuke, itampigia filimbi, naye atalazimika kurudi mbio huku abiria wakingoja na dereva akinung’unika. Zaidi ya hayo, ishara za Mallerstang zilikuwa nyuma yake zikimlinda. Treni ya pili haikuwa na ruhusa ya kuzipita. Yote hayo ni kweli. Na kanuni ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya usiku ambao yote hayo hayatoshi.

Maana katika treni ya pili dereva alikuwa ametoka nje ya chumba chake, akitembea ubavuni mwa injini iliyo mwendoni ili atie mafuta katika vyuma, kama madereva wa injini za namna ile walivyozoea kufanya. Upepo ulimchelewesha. Alipoingia tena, alimkuta mwenzake akishindana na kifaa cha kuingizia maji katika tangi la mvuke, kwani kilikuwa kimekataa kufanya kazi, na maji yakipungua mno injini yaweza kupasuka. Wote wawili waliinama kukishughulikia. Ishara za Mallerstang zikapita juu ya vichwa vyao, moja baada ya moja, bila kuonwa. Mwangalizi alipunga taa nyekundu dirishani, nayo haikuonwa.

Macho yao yalikuwa chini. Masikio yao yalikuwa wazi. Hali hiyo hasa ndiyo iliyomfanya Cowper abuni kikopo chake: mtu asiyeweza kutazama, bado aweza kusikia. Lau gadi angalianza kutembea mara treni iliposimama, angalikuwa amekwisha kupita robo maili ya kwanza, ambapo kanuni ilimtaka aache fataki moja kabla ya kuendelea, kwa sababu iliyo dhahiri, kwamba mtu hajui kama atapewa muda wa kufika mwisho. Kwamba fataki moja ingaliisimamisha treni kabisa, hapana awezaye kuapa. Kwamba ingaliwainua vichwa wale wawili, yamkini.

Treni ya pili iligonga ya kwanza kwa nyuma karibu na saa tisa za usiku. Hapa pia gesi ya taa ilishika moto. Watu 14 walikufa mahali pale na wengine wawili baadaye. Mkaguzi wa Serikali alieleza makosa ya kila upande: makaa, uzito, injini, ishara zilizopitwa, taa za gesi, wala hakumsahau gadi na fataki zake.

Miaka zaidi ya 80 ilipita. Injini za makaa ziliondoka, zikaja treni fupi za dizeli zenye mabehewa mawili, taa za umeme, na redio katika chumba cha dereva. Tarehe 31 Januari 1995 mvua kubwa ilifurika milimani. Treni moja iliyokuwa ikielekea kusini ilizuiwa na maji huko Ribblehead, ikageuzwa kurudi kaskazini. Karibu na Ais Gill, katika giza, ilikutana na udongo ulioporomoka kutoka mlimani. Iliacha njia, ikalala kuziba reli zote mbili. Dereva aliumia, lakini aliweza kupeleka habari kwa redio. Kondakta, ambaye ndiye gadi wa siku hizi, alikuwa mzima.

Alifanya nini? Aliwaendea abiria. Aliwatuliza, akawahamisha katika sehemu aliyoiona salama zaidi. Mtu yeyote mwema angalifanya hivyo. Kulikuwa na giza, treni imepinda, na watu wameogopa. Lakini kutoka Carlisle treni nyingine ilikuwa ikipanda bonde la Mallerstang katika reli ya pili, ile iliyozibwa. Habari ya redio haikuifikia kwa wakati. Baada ya dakika chache ziligongana, abiria kadhaa wakaumia, na kondakta akafa, yeye peke yake katika wote.

Wachunguzi walipokaa, walisema lile walilolazimika kusema: kwamba kazi yake ya kwanza ilikuwa kuwaacha abiria walipo, kuchukua taa nyekundu na fataki, na kwenda mbele kuikabili treni ambayo haijaonekana. Kanuni haikuwa imebadilika tangu siku za yule gadi wa mwanzo ila kwa hesabu ya umbali. Hii ndiyo sehemu ngumu yake. Gadi wa 1913 aliambiwa kwamba hapana hatari, na kondakta wa 1995 aliiona hatari mbele ya macho yake, imeshika watu anaoweza kuwagusa. Na kanuni iliwaamuru wote wawili jambo lile lile, yaani kuwapa kisogo watu wa treni yao na kutembea gizani kwa ajili ya watu wasiowajua. Wa kwanza alizuiwa na uzoefu. Wa pili alizuiwa na huruma, na katika desturi za karibu kila kabila huruma ya namna ile husifiwa. Hapana awezaye kumlaumu mtu huyo bila kuona haya kidogo. Wala hapana mtu wa reli awezaye kumwambia kijana anayefundishwa kazi leo kwamba afanye kama yeye.

Vijana hao bado wanafundishwa. Katika reli za Uingereza fataki ingali ikihesabiwa miongoni mwa vyombo vya kulinda treni iliyokwama, pamoja na redio, na kipande cha waya chenye vibanio viwili ambacho kikiunganisha reli mbili, penye umeme wa kutambua treni, hugeuza ishara kuwa nyekundu. Kikopo hicho huzeeka. Huandikwa mwaka wa kutengenezwa, na kikipita muda wake huondolewa, maana baruti iliyolala sana haiaminiki.

Kutoka Ais Gill msafiri ashukaye kaskazini hupita mahali palipotokea mambo hayo yote kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai. Dirishani huona kondoo, ukuta wa mawe, maji meupe yakiteremka mlimani, na kwenye reli ya pili hakuna kitu. Stesheni ifuatayo ni Kirkby Stephen, iliyo mbali kidogo na mji wake, ingawa si kama ile ya Dent. Baada ya hapo nchi hufunguka, mawe hupungua, mashamba huwa mekundu kwa udongo wake, na mto Eden hukua ukawa mto wa kweli. Treni yafika Appleby, kisha Carlisle, ambako hubadilisha wafanyakazi na kugeuka kurudi kusini, kuupanda mlima kwa upande wa pili.